Tukipunguzwa kazi msituuzie vifaranga

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naandika kutoka Makambako, hapa njia panda ya Songea na Tunduma, baridi inapiga mpaka vidole vinakakamaa kwahiyo mkikuta herufi imerukwa mnivumilie. Nimesoma kwenye gazeti lenu barua ya msomaji mmoja anayesema sisi tuliopunguzwa kazi tuache kulialia na kuzunguka na bahasha za kaki, tujiajiri, fursa zimejaa tele. Nikacheka, halafu nikakasirika, halafu nikasema hapana, leo na mimi naandika.

Mimi nilikuwa mtu wa deta. Wasiojua niwaeleze, ukienda kliniki ya CTC, ile ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, kuna nesi, kuna daktari, kuna mtoa dawa, halafu kuna mtu mmoja kajificha nyuma ya rundo la mafaili na kompyuta inayokoroma kama trekta, basi huyo ndio mimi. Mgonjwa akija nachukua kadi, naangalia namba, naingiza uzito, dawa aliyopewa, tarehe ya kurudi. Jioni natoa orodha ya ambao walitakiwa waje na hawajaja, nawapa wahudumu wa jamii wawafuate vijijini. Na mkoa wetu wa Njombe si mchezo, utafiti wa 2022-2023 ulitukuta na maambukizi asilimia 12.7 kwa watu wazima wakati nchi nzima ni 4.4, kwahiyo kazi ilikuwepo ya kumtosha mtu. Nilianza 2011. Miaka 14 kwenye kiti kimoja, kiti chenyewe kilibadilishwa mara moja tu.

Mshahara ulikuwa unatoka kwenye mradi, na mradi ulikuwa unatoka kwa Wamarekani. Tarehe 20 Januari 2025 Trump akaapishwa na siku hiyohiyo akasaini misaada ya nje isimame siku 90. Tukaona kwenye simu tukasema hayo ya wakubwa. Ijumaa ya tarehe 24 ikatoka amri miradi isimamishe kazi, na sisi Jumatatu asubuhi tukakuta ujumbe kwenye grupu la WhatsApp kwamba mtu asionekane kituoni hadi atakapoambiwa. Mimi ujumbe nimeusoma nishafika getini. Nikaingia hivohivo. Wagonjwa wameshajaa kwenye benchi, wananisalimia kamwene dada, nami naitikia kamwene kama kawaida, nesi wa serikali ambaye yeye kazi yake ipo palepale akaniomba nenosiri la kompyuta, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, nikachukua kikombe changu nikaondoka. Ndio kuaga kwenyewe huko.

Baadae tukasikia huduma za kuokoa maisha zimeruhusiwa kuendelea, watu tukarukaruka, kumbe dawa kuruhusiwa ni jambo moja na mtu wa deta kurudishwa ni jambo lingine kabisa. Mwisho wa Februari barua ikaja. Machi 10 waziri wao wa mambo ya nje, Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, imefutwa, na hapo hata wale wa tusubiri kwanza tusubiri kwanza wakanyamaza kwenye grupu.

Sasa nije kwa huyu ndugu na kujiajiri kwake. Mhariri, mtu akipunguzwa kazi watu wa kwanza kuja mlangoni wanakuja na fursa, pole inafuata baadae kama ipo. Sijui harufu ya kiinua mgongo inasafiri na upepo gani, ila hela yangu ilikuwa haijaingia benki shemeji yangu ameshafika na daftari, kapiga hesabu ya kuku wa nyama, vifaranga 300, wiki 5 tu unauza, ukitoa chakula na dawa faida hii hapa, zungusha mara 8 kwa mwaka umemzidi hata meneja. Kwenye daftari hakuna kuku aliyekufa, hakuna umeme uliokatika, hakuna mteja aliyesema nitakulipa mwisho wa mwezi. Kuku wa kwenye daftari wana afya nzuri sana.

Hela yenyewe niwaambie ili mjue naongelea nini. Sheria ya ajira inasema kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, na mwisho wa kuhesabu ni miaka 10. Yani miaka yangu minne ya juu imeishia hewani, hiyo sio dhuluma ya mtu ni sheria ilivyo, lakini inauma. Ukijumlisha na mshahara wa notisi na likizo ambayo sikwenda nikapata kama milioni tatu na laki nne. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika milioni tatu kwa mpigo hiyo hela inatia kiwewe, unaiona kubwa kuliko ilivyo, na ukiigawa kwa miezi ya kula na ada ya watoto wawili ndio unaona kumbe ni ya kuvukia mto tu, si ya kujengea nyumba ng'ambo.

Nikajenga banda. Nikanunua bati, mbao (mbao huku kwetu bei rahisi, hapo nisidanganye), vyombo vya maji, majiko mawili ya mkaa ya kuwapa joto, vifaranga 300 nikavifuata stendi usiku vikiwa kwenye maboksi. Huo ni mwezi wa tano. Anayeijua Njombe ya mwezi wa tano kwenda wa sita ameshajua habari inaishaje. Wiki ya kwanza nikachanja, nikalala nao bandani na blanketi, nikawa nawaimbia kabisa. Wiki ya tatu usiku mmoja taa ikakatika, mimi nimepitiwa na usingizi ndani, majiko yakazima, na kifaranga akisikia baridi hasemi, anachofanya anamsogelea mwenzie, na mwenzie anamsogelea mwenzie, wote 300 wakajirundika kona moja. Asubuhi nikahesabu 97 waliokufa kwa kubanwa na wenzao. Mume wangu alichimba shimo nyuma ya nyumba hakusema neno, bora angesema.

Waliobaki nao waliendelea kupungua mmojammoja, nikafikisha kama 190 sokoni, na huko sokoni nikakuta kichekesho chenyewe sasa: wenzangu watatu wa mradi uleule nao wameleta kuku wao wiki ileile! Wote tulishauriwa kujiajiri, wote tulipata hela mwezi mmoja, wote tulipigiwa hesabu za daftari moja, na mji wa Makambako hauwezi kula kuku wote wa waliopunguzwa kazi kwa wiki moja. Tukauza elfu tano tano. Nilitia milioni moja na laki tisa nikatoa laki tisa na kitu. Mwingine alinunua bodaboda akampa kijana, kijana kaenda nayo Songea mpaka leo. Huyo nae kajiajiri.

Sisemi biashara mbaya. Mama yangu amenisomesha kwa kuuza viazi na maharage, biashara naiheshimu, na ndio maana nakasirika mtu akiiongea kama vile ni kitu cha kufanya ukiwa huna cha kufanya. Mama alijifunza ile biashara miaka na miaka, anajua kiazi cha Kitulo na cha wapi, anajua dereva gani mwizi. Mimi nilijifunza deta miaka 14 halafu nataka kushindana na wafuga kuku kwa elimu ya wiki mbili na daftari la shemeji. Hapo ni nani atashangaa nikiliwa?

Sasa huyo ndugu kama kweli anataka kumsaidia mtu aliyepunguzwa angemwambia haya, ambayo mimi sikuambiwa na mtu, nimeyakusanya kwa kuulizauliza. Kwanza barua ukiipata isome usiikunje ukaificha kwa aibu. Kama unalipwa kwa mwezi notisi si chini ya siku 28 au ulipwe hela yake. Mwajiri anatakiwa akae na wafanyakazi kabla hajawapunguza, aeleze sababu, aeleze anachaguaje nani aondoke. Ukiona umeondolewa ovyo ni siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, na siku 30 kwa mtu mwenye majonzi zinaisha kama mbili. Tulikuwa na mwenzetu kaenda siku ya 40 na kitu, akaambiwa aanze kwanza kuomba kibali cha kuchelewa na aeleze kwanini kachelewa, na sababu yake ya kweli ilikuwa aibu, sasa aibu unaiandikaje kwenye fomu. Halafu dai cheti cha utumishi, hicho ni haki yako, kinaonyesha ulifanya kazi gani toka lini mpaka lini, mimi cha kwangu nilikidai mwezi wa nne na ndio karatasi iliyonifaa kuliko vyeti vyote vya semina nilivyojaza kwenye begi.

Na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna fao la kukosa ajira. Kama umechangia kuanzia miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi 6. Si hela ya kutamba lakini inanunua unga. Wenzangu wengi hawakujua, walijua habari ya zamani ya kwenda kujitoa na kuchukua michango yote. Mimi hilo fao ndilo lililonivusha wakati wa kuku, yani serikali ilikuwa inanilisha mimi na mimi nawalisha kuku.

Kwenye kutafuta kazi sasa. Nilianza pabaya, nikaanza na kutafuta kazi ileile kwa jina lilelile. Nikajiunga magrupu manne ya matangazo ya kazi, bando likawa linaisha kwa kufungua picha za matangazo. Nikaingia kwenye mfumo wa ajira za serikali, nikakuta pale juu kabisa muombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Mimi nina 46. Nimepitiliza mwaka mmoja tu, kama ningepunguzwa mapema kidogo yani! Nikakutana na wale wa tuma elfu 35 ya fomu na vipimo vya afya utaitwa kesho, nikatuma, ndio, nimesoma diploma ya utunzaji kumbukumbu na nikatuma, mtu aliyekosa kazi miezi mitatu akili yake haikai palepale. Namba haikupatikana tena.

Halafu nikaitwa intavyuu Mbeya. Nafasi moja, mtu wa deta. Nimefika saa moja asubuhi nikakuta foleni, tukahesabiana tukawa 74, na nusu yao nawajua! Tumefanya semina pamoja, tumelala hoteli moja, tumegombea karanga kwenye mapumziko ya chai. Mbele yangu kama watu kumi hivi kasimama aliyekuwa msimamizi wangu, aliyekuwa akija na gari kukagua takwimu zangu, kashika bahasha kaki kama yangu. Tukasalimiana, akanichekea, akaniambia dada tutafika tu. Nilitaka kulia kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu. Huko ndani wakaniuliza nijieleze, nikaanza kutaja vifupisho, vile vya mradi, mmoja baada ya mwingine, nikaona mzee mmoja kwenye lile jopo anamwangalia mwenzie. Nilikuwa naongea lugha ambayo nchi yake imeshafungwa.

Kwenye basi la kurudi, kutoka Mbeya mpaka Makambako ni mwendo wa kutosha kufikiri, nikatoa daftari nikaandika kitu kimoja tu: kazi niliyokuwa nafanya, bila kutaja mradi, bila kutaja ugonjwa, kwa Kiswahili cha kumwambia mama yangu. Ikawa hivi. Natunza orodha ya watu elfu mbili na zaidi, kila mtu na namba yake, namba haigongani. Nikiulizwa fulani alikuja lini nakwambia kabla hujakaa. Asiyekuja namjua leoleo. Karatasi na kompyuta zikitofautiana natafuta kosa mpaka nalipata. Siri ya mtu haitoki kwangu. Basi, mistari mitano. Nilipoisoma nikaona kumbe sikuwa nimepoteza ujuzi, nilikuwa nimepoteza mfadhili.

Kazi nimeipata kanisani, na sio kwa maombi peke yake (mchungaji anisamehe). Kuna mama tunaimba nae kwaya ana kituo cha kukusanyia parachichi, huku siku hizi kila mwenye shamba kapanda ile aina ya Hass. Baada ya mazoezi alikuwa analalamika kwamba wanunuzi wanaopeleka Ulaya wanataka wajue kila kreti imetoka shamba gani, limevunwa lini, limepuliziwa dawa gani lini, na vijana wake wanaandika kwenye vipande vya maboksi, mvua ikinyesha kumbukumbu zimelowa, mzigo ukirudishwa hajui amdai nani. Nikamwambia mama, hiyo kazi mimi nimeifanya miaka 14, tofauti ni kwamba wa kwako wako kwenye kreti. Akacheka akadhani natania. Nikamwonyesha ile karatasi ya mistari mitano.

Akanipa wiki mbili za majaribio. Kule CTC namba ya mgonjwa inaanza na mkoa, inafuata wilaya, inafuata kituo, halafu ndio mtu mwenyewe. Nikafanya vilevile, kijiji, kikundi, mkulima, shamba. Nikapanga na orodha ya ambao siku yao ya kuvuna imefika na hawajaleta, kijana na pikipiki anawafuata, kama tulivyokuwa tunafuata wagonjwa watoro. Wiki ya pili kuna kreti zilikutwa na matunda machanga, mama akaniuliza za nani, nikamjibu papo hapo, kijiji fulani, mkulima wa ngapi, kaleta saa ngapi. Alikaa chini. Mkataba tuliandikiana siku ileile, nilisisitiza uandikwe na NSSF iwepo, yeye alikuwa hajazoea, tukaelewana. Hiyo ni mwezi wa nane.

Mshahara ni nusu na kidogo ya niliokuwa napata, nisiwaongopee. Msimu ukiisha sijui itakuwaje, tunaongelea habari ya kumwekea vitabu vya mbolea na miche. Na kuna jambo lingine ambalo sikulitegemea, wakulima wengine wanaoleta parachichi nawafahamu kwa namba zile nyingine. Anafika dirishani, ananiona, anashtuka kidogo. Mimi namuuliza jina lako nani baba, kama vile sijawahi kumuona duniani, anataja, naandika, nae anashusha pumzi. Mmoja aliondoka akarudi na mahindi mabichi matano akayaweka dirishani hakusema ya nini.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Ule ukurasa wenu wa fursa ambao kila wiki una mtu kapata mamilioni kwa sungura, kwa uyoga, kwa kware (kware tumewasahau eeh?), wekeni siku moja mtu wa CMA aeleze zile siku 30, wekeni mtu wa NSSF aeleze hilo fao kwa lugha ya kawaida, na wekeni matangazo ya kazi ndogondogo za wilayani, ya mwenye ghala, mwenye kiwanda cha mbao, mwenye shule, maana hawa wanatafuta watu na hawaingii kwenye yale magrupu yetu ya WhatsApp, na sisi hatuendi kwao tunaona ni kushuka. Na huyo ndugu aliyeandika ile barua kama yuko tayari kujiajiri yeye kwanza, aache kazi yake tumuone, banda langu lipo. Bati zake bado mpya, kwa sasa jirani anawekea kuni, lakini tukielewana namtoa.

Aliyekuwa mtu wa deta,
Makambako, Njombe